Kutu haingoji mvua: ninavyoitunza bunduki ya marehemu baba hapa Pangani

Masika ya mwaka 2016 niliiweka bunduki ya marehemu baba ndani ya ala yake ya ngozi, nikaifungia kabatini, sikuigusa tena mpaka Juni. Ni shotigani ya mitutu miwili, ya risasi namba 12, niliyomilikishwa kwa kibali changu mwenyewe baada ya mirathi. Kabla ya kuiweka niliipaka mafuta ya kutosha, nikaona kazi nimeimaliza. Siku naitoa, upande uliolalia ngozi ulikuwa na madoa mekundu mfano wa dengu. Nikabandua ubao wa mbele, ule unaoshikwa kwa mkono wa kushoto, na huko chini ya mitutu kutu ilikuwa nene kiasi cha kuchafua kidole. Niliumia sana. Baba aliitumia bunduki ile zaidi ya miaka 30 akifuata kanga na kwale, na sikuwahi kuiona na doa mkononi mwake.

Watu wengi wanaogopa mvua. Mimi siku hizi mvua siiogopi hivyo, kwa sababu bunduki ikinyeshewa porini mwenyewe unaiona imelowa na unaikausha. Inayoharibika ni ile iliyorudi kavu, ikafutwa juu juu, ikafichwa. Sisi wa pwani hewa yetu yenyewe ina maji na chumvi. Nina kipima unyevu kidogo ukutani, na asubuhi nyingi za masika husoma juu ya asilimia 80, wakati chuma huanza kupata taabu unyevu ukishapita kama 60. Chumvi nayo huvuta maji na kuyang'ang'aniza juu ya chuma, hivyo kutu huenda mbio zaidi.

Na chumvi haitoki baharini peke yake. Iko kwenye viganja vyetu. Jasho la mtu aliyetembea porini toka alfajiri ni maji ya chumvi, na alama ya vidole ikiachwa usiku kucha kwenye mtutu unaweza kukuta imejichora kwa kutu, mistari yote inasomeka. Kuna watu jasho lao ni kali kuliko la wengine. Mwenzangu mmoja wa msafara akishika chuma, kesho yake pana alama. Kwa hiyo ikishapita mkononi, yangu au ya mwingine, natoa kitambaa chenye mafuta kidogo mfukoni na kufuta hapo hapo, hata kama tutaendelea kutembea.

Ile ala ya ngozi sasa natumia safarini tu. Ngozi hunyonya unyevu wa hewa na kuukumbatisha kwenye chuma, na mara nyingi ina mabaki ya chumvi na tindikali za kuitengenezea. Masanduku yenye sponji ndani nayo ni hivyo hivyo. Bunduki inalala kwenye kabati la chuma lenye kufuli, kama sheria inavyotaka silaha ifungiwe, imesimama wima na hewa inaizunguka. Ndani ya kabati naweka mifuko ya silika jeli, chembe zinazonyonya unyevu. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu ni vidogo mno kwa kazi hii, na vikishashiba maji ni kama hujaweka kitu. Tafuta chembe zinazobadilika rangi, zikigeuka unazikausha kwenye oveni kwa moto mdogo, unazirudisha. Masika mimi hukagua kila wiki.

Nieleze jioni ya kurudi, maana hapo ndipo bunduki hupona au huharibika. Cha kwanza kabisa ni kuifungua na kutazama kwa macho kwamba chemba zote mbili hazina risasi, hata kama ulizitoa porini, na risasi zinakwenda kufungiwa mahali pake kabla hujagusa kitambaa. Halafu natenganisha mitutu, ubao wa mbele na kitako. Usifute ikiwa imeunganishwa. Maji hujificha pale pale ambapo kitambaa hakifiki, kwenye maungio, chini ya ubao, na kwenye mfereji ulio kando ya ubavu unaoshikanisha mitutu miwili. Napitisha brashi ya shaba ndani ya kila mtutu pamoja na dawa ya kuyeyushia masizi, kisha vitambaa vikavu mpaka kinatoka cheupe, kisha kitambaa kimoja chenye mafuta. Chemba nazisugua peke yake, kwa sababu ganda la risasi huacha mabaki ya plastiki, na chini yake unyevu hupata pa kulala.

Kuna bunduki ambazo ndani ya mtutu zimepakwa kromu, kama Baikal nyingi za Urusi, na wenye nazo husema hazihitaji haya. Kromu inalinda ndani ya mtutu tu. Nje ni chuma kama changu.

Kuhusu mafuta, naomba unisikilize vizuri, maana hapa nimeona silaha nyingi zikiteswa. Mafuta ya nazi na ya alizeti ni ya jikoni. Ya nazi huganda kukiwa na baridi kidogo na huchacha. Ya alizeti hugeuka ulimbo na kukwamisha vifyatulio. Mafuta ya taa yanasafisha vizuri, ila hukauka na kuacha chuma uchi. Oili chafu ya gari ndiyo mbaya kuliko yote, imejaa masizi na tindikali. Hata WD-40, ambayo kazi yake halisi ni kufukuza maji, mimi huitumia bunduki ikinyeshewa tu, kisha naifuta na kupaka mafuta ya kukaa. Kama huna mafuta ya bunduki, ya cherehani yanafaa.

Na paka kidogo. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la pili mwaka ule. Mafuta mengi hutiririka kutoka kwenye mitutu, yakashuka kwenye mitambo, yakaingia kwenye mbao za kitako, na mbao zikishiba mafuta huwa nyeusi na laini. Ukiwa umepaka kwa wingi, simamisha bunduki mdomo ukiwa chini juu ya kitambaa kwa siku mbili tatu. Nje, kwa miezi ya kutotumia, napaka nta isiyo na mchanga wa kusugulia, tabaka jembamba, naacha ikauke na kuifuta. Nta haitiririki. Ukitumia grisi ndani ya mtutu, iondoe yote kabla ya kupiga risasi.

Jambo moja lilinishangaza. Tulitoka upande wa Handeni na gari lenye kiyoyozi, zaidi ya saa mbili, nikafika nyumbani nikafungua mfuko papo hapo. Mitutu ikatoa jasho mbele ya macho yangu kama bilauri ya maji ya barafu. Sasa nauacha mfuko umefungwa mpaka chuma kipate joto la nyumba, ndipo naufungua na kufuta.

Wenye magobore habari yao ni nyingine. Baruti nyeusi huacha masizi yenye chumvichumvi yanayovuta maji, na mafuta hayayayeyushi. Huoshwa kwa maji ya moto na sabuni siku ile ile, mtutu unakauka kwa joto lake, ndipo unapakwa mafuta. Anayelaza gobore chafu hadi asubuhi anajitakia hasara.

Kutu ikishaingia kidogo, weka mafuta, iache saa kadhaa, kisha sugua taratibu kwa sufi ya chuma ile laini kabisa yenye alama 0000, si ile ya masufuria. Rangi nyeusi ya mtutu nayo ni ndugu wa kutu: mafundi wa zamani waliacha chuma kishike kutu kwa makusudi, wakakichemsha kwenye maji hadi wekundu ukageuka mweusi, wakapiga brashi, wakarudia mara nyingi. Kwa hiyo ukisugua kwa nguvu unaondoa na kinga yake. Ukimpelekea fundi mwenye leseni mitutu miwili iliyoungwa kwa lehemu ili aipake rangi upya, muulize kwanza anatumia njia gani. Dawa ya moto ya magadi makali hula ile lehemu na kubaki ndani ya ubavu, kutu ikaendelea usipoiona. Vishimo vya ndani ya mtutu navyo vipimwe na fundi kabla hujapiga hata risasi moja.

Baba alikuwa na kipimo chake. Aliitundika mitutu kwa kamba iliyofungwa kwenye ndoano iliyo chini yake, akaigonga kwa kijiti. Ubavu ukiwa mzima, hulia kama kengele. Ukiachia, sauti hukwaruza. Yangu niligonga tena Januari hii, na bado inalia.