Je, habari ya kweli yaweza kuwa uchochezi?

SWALI: Mimi ni mhariri wa gazeti dogo la kila wiki huku mkoani. Mwandishi wetu amepata nakala ya hati ya malipo inayoonyesha kwamba halmashauri ilimlipa mkandarasi fedha zote za kisima kirefu cha kijiji. Tumefika kijijini na kupiga picha, na hapo mahali hakuna hata bomba. Kichwa tulichopanga ni “SERIKALI YAWAIBIA WANAKIJIJI”, na ndani tumemtaja ofisa aliyesaini malipo kuwa ni mwizi. Mwenzangu mmoja anasema tusihofu, kwa kuwa habari ni ya kweli na Mahakama ya Afrika Mashariki ilishafuta uchochezi. Mwingine anasema tutafungwa kwa kashfa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu Mhariri, wote wawili wamekosea, ingawa kila mmoja amekosea akiwa karibu na ukweli. Kosa lao ni kuchanganya mambo mawili ambayo hata mawakili huyachanganya: kashfa humlinda mtu, uchochezi huilinda Serikali, na utetezi unaofaa upande mmoja haufai upande wa pili.

Nianze na kashfa, ambayo ni nyepesi kueleza. Chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania, Na. 12 ya mwaka 2016, anayedai kukashifiwa hujibiwa kwa kuonyesha kwamba kilichoandikwa ni kweli na kwamba kukichapisha kulikuwa na manufaa kwa umma. Marekebisho ya mwaka 2023 yaliiondoa kashfa katika jinai, kwa hiyo ofisa wako akikasirika atafungua kesi ya madai na kudai fidia. Hata kabla ya hapo, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilikwisha kuamua tarehe 5 Desemba 2014, katika shauri la Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso, kwamba kumfunga mhariri miezi 12 kwa makala zilizomhusu mwendesha mashtaka kulikiuka Mkataba wa Afrika. Hofu ya jela kwa kashfa, basi, imepungua sana. Hofu ya kufilisika haijapungua, na gazeti dogo hufa kwa fidia moja.

Tazama sasa neno “mwizi”. Hati ya malipo inathibitisha kwamba fedha zimetoka na kwamba fulani alisaini. Picha zinathibitisha kwamba kisima hakipo. Hakuna hata kimoja kati ya viwili hivyo kinachothibitisha kwamba aliyesaini alitia fedha mfukoni. Pengine alidanganywa na mhandisi aliyeandika kwamba kazi imekamilika. Ukweli ulio nao ni wa malipo na wa ardhi tupu, na ukweli huo haufiki hadi kwenye neno ulilolichagua. Mimi husoma kurasa za magazeti kabla hazijakwenda mtamboni, na nakuambia bila kusita kwamba kesi nyingi za kashfa nilizoziona zilizaliwa na neno moja lililowekwa na mhariri usiku, baada ya mwandishi kuleta habari iliyo safi.

Uchochezi ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo swali lako linapogusa historia. Kifungu cha 52 cha Sheria ya Huduma za Habari kinaeleza nia ya uchochezi kuwa ni pamoja na nia ya kuleta chuki au dharau dhidi ya mamlaka halali ya Serikali, au kuamsha kutoridhika nayo. Ukikisoma kwa makini utaona kwamba hakiulizi kama maneno yako ni ya kweli. Kinauliza ulikusudia nini, kisha kinamsaidia mwendesha mashtaka kujibu kwa kumchukulia kila mtu kuwa alikusudia matokeo ya kawaida ya kitendo chake. Habari ya kweli kabisa kuhusu wizi wa kweli kabisa huleta chuki zaidi kuliko uongo, kwa hiyo kwa mantiki ya kifungu chenyewe ukweli waweza hata kukuongezea mzigo.

Mantiki hiyo haikutungwa Dodoma. Mwaka 1936 I.T.A. Wallace-Johnson, mwanaharakati mzaliwa wa Sierra Leone, alichapisha makala katika gazeti la African Morning Post la Accra, akatiwa hatiani kwa uchochezi. Alikata rufaa hadi Baraza la Faragha (Privy Council) huko London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, akijenga hoja kwamba kwa sheria ya Uingereza hakuna uchochezi pasipo kuhamasisha vurugu. Katika hukumu inayotajwa hadi leo kuwa ya mwaka 1940, Baraza lilikataa: sheria ya jinai ya koloni, likasema, inajitosheleza kwa maneno yake yenyewe, na haitafsiriwi kwa kanuni za Uingereza. Kwa maneno mengine, Mwingereza wa London alikuwa na kinga ambayo Mwafrika wa Accra hakuwa nayo, kwa kosa lenye jina lilelile. Ilikuwa sheria ya serikali isiyochaguliwa na watu iliowatawala, na kutoridhika kwa watu ndicho kitu hasa ilichokiogopa. Tulipopata uhuru tuliibakiza: maneno hayo yalikuwamo katika Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, yakahamia katika sheria ya 2016. Ghana, kulikozaliwa kesi yenyewe, ilifuta uchochezi na kashfa ya jinai mwaka 2001.

(Wengi hunitajia hapa kesi ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1958. Ile haikuwa ya uchochezi. Alishtakiwa kwa kashfa ya jinai, kwa alichoandika katika Sauti ya TANU kuhusu wakuu wawili wa wilaya wa kikoloni, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, naye akalipa faini.)

Ama kuhusu Mahakama ya Afrika Mashariki, mwenzako anakumbuka hukumu halisi lakini anaipa nguvu isiyo nayo. Tarehe 28 Machi 2019, katika shauri lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania pamoja na mashirika mengine mawili, mahakama hiyo iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria ya 2016, vikiwamo vya 52 na 53, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Uamuzi huo unaifunga nchi kama mwanachama, lakini haufuti kifungu kwenye kitabu cha sheria; anayefuta ni Bunge. Bunge liliirekebisha sheria mwaka 2023, likapunguza makali ya baadhi ya adhabu, na uchochezi ukabaki. Wakili wako ataitumia hukumu hiyo kama hoja nzito, lakini itabidi aitolee hoja, na wewe utakuwa umesimama kizimbani wakati akifanya hivyo. Hata ushindi huchelewa kufika: gazeti la Mseto lilifungiwa kwa miaka mitatu Agosti 2016, likashinda katika mahakama hiyohiyo Juni 2018, na likaja kufunguliwa Februari 2022.

Turudi kwenye ukurasa wako. Kifungu cha 52 kina mlango, na usiupuuze: si uchochezi kuonyesha kwamba Serikali imepotoshwa au imekosea, wala kuonyesha kasoro kwa nia ya kuzirekebisha. Habari yako inapita katika mlango huo bila kuinama. Kichwa chake hakipiti. “Serikali yawaibia” kinaituhumu Serikali nzima kwa jinai ambayo hati yako haiitaji. Ningeandika “Halmashauri yalipia kisima ambacho hakipo”. Ni kikali zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu msomaji atamaliza mwenyewe kilichobaki, na kila neno lake lina karatasi au picha nyuma yake. Ndani, mtaje ofisa kwa cheo na kwa kitendo kinachoonekana kwenye hati, yaani kusaini, uishie hapo. Aya ya pili iseme kijiji kinataka nini, kwa mfano kazi ikamilishwe au fedha zirejeshwe, maana nia ya kurekebisha hutafutwa ndani ya habari yenyewe, si katika maelezo utakayoyatoa polisi.

Jambo la mwisho ni nakala. Usiichapishe kama picha, kwa sababu mhuri, namba au mwandiko wa pembeni unaweza kumfichua aliyekupa. Mwombe mkurugenzi wa halmashauri hati hiyohiyo kwa barua, ukitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa siku 30 za kujibu, na barua hiyohiyo iwe na maswali yako kwa ofisa aliyesaini. Hakikisha nakala yako inagongwa mhuri wa masijala wenye tarehe. Habari ya kisima inaweza kutoka wiki hii, pamoja na sentensi kwamba halmashauri imeulizwa na inasubiriwa; jina la ofisa lisubiri majibu, au siku ya 31.