Wasomaji Wauliza: Marathoni kwa Kiti cha Mbio

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaotaka kusukuma kilomita 42 na ushei kwa kiti cha mbio, yaani kiti cha magurudumu cha walemavu kilichoundwa kwa riadha: mawili makubwa nyuma, moja dogo mbele. Maswali tumeyafupisha. Majibu mengine ni marefu, mengine ni ya mistari michache tu.

Nina baiskeli ya magurudumu matatu ya kupiga pedali kwa mikono. Nimemaliza nusu marathoni kwa saa 1 na dakika 45. Je, muda huu naweza kuutumia kuombea nafasi ya kiti cha mbio katika Marathoni ya Boston, Marekani? – S.M., Morogoro

Hapana, ndugu S.M., na kosa si la muda. Kinachokutoa ni mnyororo. Kwa kanuni za World Para Athletics, wasimamizi wa riadha ya walemavu duniani, kiti cha mbio husukumwa kwa pete moja ya duara iliyofungwa kwenye kila gurudumu kubwa. Gia, mnyororo na wenzo haviruhusiwi. Gurudumu kubwa, pamoja na tairi lake lililojaa upepo, lisizidi kipenyo cha sentimita 70, na dogo lisizidi 50. Baiskeli ya mkono ni mchezo mwingine, na mashindano kama ya New York yana kundi lake. Hata waandaaji wa kwenu wakiwaanzisha pamoja na kuwapa medali zinazofanana, muda wa pedali haugeuki kuwa muda wa kiti.

Usiiuze lakini. Kwa kujenga pumzi siku ambazo mabega yamechoka kusukuma, inafaa sana.

Nimepata kiti cha mbio kilichotumika. Kinavuta kushoto muda wote, na hata nikijitahidi vipi sivuki kilomita 15 kwa saa. Fundi baiskeli amebadilisha beringi, hakuna tofauti. – Msomaji, Nakuru

Kabla ya kulaumu kiti, laumu barabara. Barabara zetu zimeinuka katikati ili maji yamwagike mtaroni, na kwa kuwa tunapita kushoto, kiti chochote kitateremkia kushoto. Tafuta sakafu iliyo sawa, ukumbi wa shule au maegesho ya saruji, sukuma kwenda, kisha geuka usukume kurudi. Kikivuta kushoto safari zote mbili, ugonjwa uko kwenye kiti. Kikivuta kushoto ukienda na kulia ukirudi, ni sakafu.

Mwendo mdogo ni jambo zito zaidi, na dalili zako zinaelekeza kwenye magurudumu yasiyotazama mbele sawasawa. Pima hivi. Kaa kwenye kiti ukiwa umevaa kila kitu, kwa sababu uzito wako huipinda fremu kidogo. Msaidizi atie alama ya chaki katikati ya kila tairi, upande wa mbele, kimo sawa na ekseli, kisha apime kwa futi ya chuma umbali kati ya alama hizo mbili. Sogeza kiti mbele mpaka alama zilezile zifike nyuma, kimo kilekile cha ekseli, apime tena. Alama zisibadilishwe: mkitumia sehemu nyingine ya tairi, rimu iliyopinda itawadanganya. Vipimo viwili vinatakiwa vilingane. Tofauti ya milimita mbili tatu inatosha kulifanya kila tairi likwaruze lami ubavuni badala ya kubingirika, na hapo unasukuma huku umeshika breki usiyoiona.

Mara nyingi chanzo kiko kwenye gurudumu la mbele. Magurudumu ya kiti cha mbio yamelala: juu yamekaribiana, chini yametanuka. Kwa sababu ya mlalo huo, ukiinua au ukishusha pua ya kiti, bomba la ekseli huzunguka kidogo na magurudumu hayatazami tena mbele. Aliyekuuzia akiwa amefunga gurudumu la mbele la saizi nyingine, au tairi nene zaidi, amekiharibu kiti bila kugusa nyuma. Rudisha saizi ya awali kwanza. Ikishindikana, legeza vibanio vya bomba la ekseli, lizungushe kwa nywele tu, kaza, pima tena. Kazi hii hula nusu siku, na fundi wako asione haya kuirudia mara sita.

Upepo nao. Soma namba ya PSI, kipimo cha shinikizo la upepo, iliyoandikwa ubavuni mwa tairi na ujaze karibu na kikomo chake kila unapotoka, si kila wiki. Kubonyeza kwa kidole hakutakuambia kitu kwenye tairi la PSI 120. Nunua pampu yenye saa ya kupimia upepo.

Mwisho, jikague ulivyokaa. Ukiinama, ngumi zifike chini kabisa ya pete bila bega kuchomoka, na nyonga zisicheze kitini. Kiti kilichopimiwa mtu mwenye nyonga pana kinakula kila msukumo wako. Jaza pembeni kwa sponji ngumu, na kila ukishuka kagua magoti, miundi na makalio. Wekundu ambao haujaondoka baada ya nusu saa ni mwanzo wa kidonda, na kidonda cha mgandamizo kinaweza kukulaza miezi.

Nasukuma kilomita 10 kwa dakika 30. Nataka kumaliza marathoni chini ya saa 2. Nifanye mazoezi gani, na muda huo utakubalika? – Dada R., Arusha

Hesabu kwanza, dada. Dakika 30 ni kilomita 20 kwa saa. Saa 2 kamili za marathoni zinadai 21.1. Yaani hata ukishika mwendo wako wa leo mpaka mwisho, utafika kwa saa 2, dakika 6 na nusu. Shusha kwanza kilomita 10 hadi dakika 27, ndipo saa 2 itakuwa na akiba.

Jipe wiki 16, siku tano kila wiki. Siku moja ndefu: anza na kilomita 20, ongeza mbili mbili hadi 36. Siku moja ya kasi: kilomita moja mara 6, ukipumzika dakika 3 katikati. Siku moja ya mlima: sekunde 30 kwa nguvu zote mara 8, kuteremka polepole. Mbili zilizobaki, kilomita 12 hadi 15 za kuongea huku ukisukuma. Kila wiki ya nne punguza theluthi. Na kwa kila zoezi la kusukuma gymu fanya mawili ya kuvuta, kwa kamba ya mpira au vyuma. Kusukuma peke yake hukaza kifua na kuvuta mabega mbele, mwishowe kano husagwa juu ya bega. Mkimbiaji mwenye goti bovu hukaa akapona. Wewe bega lilelile ndilo linalokuhamisha kitandani.

Kuhusu kukubalika, tazama mambo matatu. Njia iwe imepimwa rasmi, la sivyo muda wako ni hadithi. Uwe na daraja la ulemavu: T53 na T54 kwa wenye mikono kamili, wakitofautiana kwa nguvu za kiwiliwili, T51 na T52 kwa walioathirika mikono pia. Boston na nyingine kubwa huweka viwango vyake vya muda, kwa hiyo soma tangazo la mwaka unaoomba, na kipindi ambacho muda wako lazima uwe umepatikana. Ukilenga Paralimpiki, kila kitu hupitia Kamati ya Paralimpiki ya nchi yako: leseni, fomu ya daktari, kisha uainishaji wa kimataifa, yaani kupangiwa daraja. Fomu ya daktari ndiyo hukwamisha wengi kwa sababu huandikwa “ulemavu wa miguu” basi. Inatakiwa ugonjwa wenyewe na vipimo vinavyouthibitisha.

Usijipime kwa saa za Boston lakini. Marcel Hug, bingwa wa viti vya mbio kutoka Uswisi, alipita hapo 2024 kwa 1:15:33, na rekodi ya dunia ikabaki 1:17:47 aliyoiweka Oita, Japani, 2021. Boston inateremka mno na mwisho wake uko mbali na mwanzo, haihesabiwi kwa rekodi.

Glavu za ngozi zinanichubua kidole gumba. – J., Mombasa

Unashika pete. Usishike, ipige: ngumi imefungwa, iguse pete palipo saa 1, ukiitazama kama saa ya ukutani kutoka ubavu wa kulia, isukume chini hadi karibu saa 7, kisha mkono uruke nje na juu. Glavu ngumu huundwa kwa chembe za plastiki zinazolainika ndani ya maji ya nyuzi 60 hivi. Zifinyange juu ya ngumi yako, gundisha raba panapogusa pete. Usiziache juu ya dashibodi ya gari huko Mombasa. Utakuta chapati.

Mimi ni T52, niliumia shingo. Saa yangu ya mapigo ya moyo haivuki 115 hata nikifa kwa kazi. Imeharibika? – Msomaji, Dodoma

Saa ni nzima. Neva zinazouharakisha moyo hutokea uti wa mgongo wa juu kifuani, na jeraha lako liko juu yake. Tupa majedwali ya mapigo, jipime kwa ugumu wa 1 hadi 10 na kwa muda wa mzunguko mmoja unaoujua. Jasho nalo limekatika sehemu kubwa ya mwili, kwa hiyo beba chupa ya kujipulizia maji usoni na shingoni, na mrija wa kunywea ufungwe mbele, maana kwa glavu hutapokea kikombe.

Kichwa kikigonga ghafla na uso ukitokwa jasho, simama hapohapo. Kaa wima, legeza mikanda, angalia mrija wa mkojo umejikunja wapi. Kibofu kilichojaa hupandisha presha kwa hatari. Isiposhuka upesi, hospitali. Wapo wanaojisababishia hali hiyo makusudi ili wapate kasi. Ni marufuku, na inaua.

Nikimpita mwenzangu tukagongana, kosa la nani? – K., Kampala

La anayepita, kama alimkatia mbele kabla kiti chake hakijamaliza kukipita cha mwenzake. La anayepitwa, kama alimziba baada ya kuliona gurudumu la mbele la mwenzake.