Ngurumo ya saa moja jioni Kijenge: mtafute mchawi kwa redio hiyo hiyo

Pole mkuu. Umesema redio ya mzee ikifika saa moja jioni inaanza kunguruma kwenye masafa ya kati (AM), na unamshuku jirani mwenye antena ndefu. Usimgongee mlango bado.

Kwanza zima meinswichi, redio ibaki kwenye betri. Ngurumo ikikata, mchawi yuko ndani kwako, mara nyingi chaja ya bei chee au taa ya LED.

Ikiendelea, toka nayo nje. Ile antena ya kuchomoa haihusiki hapa. Masafa ya kati yanapokelewa na kijiti cheusi cha feraiti, yaani antena ya ndani, kilicholala humo kufuata upande mrefu wa redio. Izungushe taratibu. Usifuate pale kelele inapozidi, maana utageuka sana bila kusikia tofauti. Tafuta pale inapofifia ghafla: ncha ya kijiti inaelekea kwenye chanzo. Ila haisemi ni mbele au nyuma, kwa hiyo chora mstari kwenye ramani, sogea kama mita 200 pembeni, rudia. Mistari inapokatana ndipo pa kwenda kuchungulia.

Kaa mbali na nyaya za umeme, zinabeba kelele. Mimi ziliwahi kunisimamisha chini ya nguzo nusu saa, kumbe chanzo ni chaja ya sola kwenye kibanda cha chipsi!

Ukikuta kweli ni mtu anarusha mawimbi, usibishane naye. Peleka ramani yako TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), wana ofisi ya kanda hapo hapo Arusha.