Maswali na Majibu: Idara ya Michoro na Jiometri Ilitoka Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi. Nimesoma kwamba vyuo vikuu vingi vya zamani vilikuwa na idara kamili ya michoro ya kihandisi na jiometri, yenye profesa wake, wahadhiri wake na kumbi zake za kuchorea, ilhali sisi tunafundishwa somo hilo kwa muhula mmoja tu chini ya idara nyingine. Naomba kuelezwa idara hizo zilianzaje, kwa nini kuchora kulihitaji idara nzima, na iwapo ni kweli kwamba kompyuta ndiyo iliyoziua.

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na chanzo, kwa kuwa majibu ya sehemu nyingine mbili yanatoka humo.

Hadi katikati ya karne ya 18, ujuzi wa kukionyesha kitu cha pande tatu juu ya karatasi bapa ulikuwa mikononi mwa mafundi. Mwashi aliyechonga mawe ya tao alikuwa na kanuni zake, seremala wa mapaa alikuwa na zake, na kila mmoja alizirithi kwa fundi aliyemfunza bila kuelezwa kwa nini zinakubali. Mwaka 1640 Mfaransa Girard Desargues alichapisha njia moja ya jumla ya kukata mawe, akapata upinzani mkali kutoka kwa wenye fani. Karibu miaka 100 baadaye mhandisi wa jeshi Amédée-François Frézier alitoa majuzuu matatu juu ya ukataji wa mawe na mbao, kati ya 1737 na 1739. Kilichokuwa bado hakijafanyika ni kuthibitisha kwamba matatizo ya mwashi, ya seremala na ya mjenzi wa ngome ni tatizo moja la jiometri, na kwamba mtu anayeimudu jiometri hiyo anaweza kuyatatua yote.

Kazi hiyo iliangukia kwa Gaspard Monge, aliyezaliwa mwaka 1746 mjini Beaune, Ufaransa, mwana wa mfanyabiashara mdogo. Shule ya kifalme ya wahandisi wa jeshi huko Mézières, iliyoanzishwa mwaka 1748, iliwapokea vijana wa ukoo bora ili wawe maofisa. Monge hakuwa na nasaba hiyo, hivyo aliingia kwa mlango wa karakana, akachora ramani na kutengeneza vielelezo vya plasta. Katikati ya miaka ya 1760 alipewa kazi ya kupanga kimo cha kuta za ngome ili adui aliye juu ya vilima vya jirani asipate kuona wala kupiga ndani. Watu walizoea kuifanya kwa hesabu ndefu za kuchosha. Monge aliimaliza kwa mchoro, na inasimuliwa kwamba ofisa mhusika alikataa hata kuitazama, akiona haiwezekani mtu kulifikia jibu kwa muda mfupi kiasi hicho. Walipoikagua waliikuta sahihi, na tangu hapo njia hiyo ikawa siri ya jeshi: Monge aliifundisha palepale Mézières kwa miaka mingi, lakini hakuwa na ruhusa ya kuichapisha.

Mapinduzi ya Ufaransa ndiyo yaliyoitoa siri hiyo nje. Mwaka 1794 ilianzishwa shule kuu ya kazi za umma, ambayo mwaka uliofuata ilipewa jina la École polytechnique, na somo la Monge, aliloliita jiometri fafanuzi, likapewa sehemu kubwa sana ya ratiba yake. Mwanzoni mwa 1795 Monge alitoa pia mihadhara katika École normale ya Paris; waandishi wa hati mkato waliinakili neno kwa neno, na mwaka 1799 ikatoka kuwa kitabu. Aliifungua mihadhara hiyo kwa kutangaza kwamba lengo lake ni kulitoa taifa katika hali ya kutegemea viwanda vya kigeni. Jambo hili hupuuzwa na wengi wanaosimulia historia ya somo, nami naliona kuwa la msingi: tangu mwanzo lilipewa nafasi chuoni kwa hoja ya uchumi na viwanda, na nafasi ya namna hiyo hubaki imara kadiri hoja yenyewe inavyoendelea kuaminika.

Kabla ya kuendelea, heri tuione nguvu ya njia yenyewe. Chukua sanduku lenye upana wa sentimita 3, kina cha sentimita 4 na kimo cha sentimita 12, kisha weka waya ulionyooka kutoka kona moja ya chini hadi kona ya juu iliyo mkabala nayo. Ukilitazama sanduku kwa mbele, waya unaonekana kuwa na urefu wa sentimita 12.4 hivi, ukilitazama kwa ubavuni, 12.6 hivi, ukilitazama kwa juu, 5 tu. Sura zote tatu zinadanganya, kwa maana waya umelala mshazari kwa kila upande. Monge anakuambia uiache hesabu. Chora sura ya mbele na chini yake sura ya juu, zikitenganishwa na mstari mlalo. Katika sura ya juu, simika ncha ya bikari kwenye mwisho wa chini wa waya, panua hadi mwisho wa pili, kisha zungusha mpaka mstari wa waya uwe sambamba na mstari mlalo. Kutoka hapo pandisha mstari wima hadi kwenye kimo cha sentimita 12 katika sura ya mbele, uunganishe na mwisho ule ambao haukusogea. Pima kwa rula: sentimita 13 kamili. Kuzungusha waya hakukubadili urefu wake wala kimo chake. Kumeuleta tu mahali ambapo jicho linauona kama ulivyo. Kwa mbinu za aina hiyo mtu hupata umbo la jiwe la tao, mahali bomba linapolitoboa bomba jingine, au mkato wa bati litakalokunjwa kuwa faneli.

Kutoka Paris somo lilisafiri na watu. Claude Crozet, aliyesoma École polytechnique na kutumika katika jeshi la Napoleon, alifika chuo cha kijeshi cha West Point nchini Marekani mwaka 1816, akakuta hakuna kitabu cha Kiingereza cha kufundishia. Akafundisha kwa chaki na ubao, na mwaka 1821 akatoa kitabu chake mwenyewe. Huko St Petersburg, taasisi ya wahandisi wa njia za mawasiliano, yaani barabara na mifereji, ilianzishwa mwaka 1809 chini ya Mhispania Agustín de Betancourt, ikaleta walimu kutoka Ufaransa. Mwanafunzi wao Yakov Sevastyanov akawa profesa wa kwanza Mrusi wa somo hilo, naye akachapisha kitabu chake mwaka uleule wa 1821. Mizizi ya huko ilikwenda chini sana. Katika taasisi za ufundi za Urusi, na baadaye za Umoja wa Kisovieti, idara ya jiometri fafanuzi na uchoraji ilikuwa kitu cha kawaida kabisa, na mmoja wa walimu wake mashuhuri, Nikolai Rynin, alipata wasaa wa kuandika ensaiklopidia ya majuzuu tisa kuhusu safari za kwenda kwenye sayari nyingine, iliyotoka kati ya 1928 na 1932.

Nchi zinazosema Kijerumani zililikuza zaidi upande wa nadharia. Katika chuo cha ufundi cha Zürich, kilichofunguliwa mwaka 1855, Wilhelm Fiedler alishika kiti cha jiometri fafanuzi kuanzia mwaka 1867, huku Karl Culmann akifundisha kukokotoa nguvu zilizomo katika madaraja na mapaa kwa michoro peke yake. Maurice Koechlin, aliyechora wazo la kwanza la Mnara wa Eiffel mwaka 1884, alikuwa mwanafunzi wa Culmann. Uingereza ilikwenda njia yake. William Farish, profesa wa Cambridge, alizoea kuonyesha mashine darasani kwa kuziunganisha kutoka kwenye sanduku la vipande vinavyobadilishana, kisha akazifumua ili kuunda nyingine. Wasaidizi wake walihitaji mchoro wa kuwaelekeza, na kutokana na haja hiyo akaeleza, katika makala iliyochapishwa mwaka 1822, uchoraji wa isometriki, yaani wa kuonyesha pande tatu za kitu katika mchoro mmoja, ambao kila mwanafunzi wa leo anaujua.

Sasa kwa nini idara nzima? Sababu ya kwanza ni wingi. Mwanafunzi wa madaraja, wa mitambo, wa migodi na wa meli, wote walipita mlango huo katika mwaka wa kwanza, na michoro yao haikuweza kusahihishwa kwa kutazama jibu la mwisho. Mwalimu alilazimika kuinama juu ya kila ubao, aone mstari upi umekosewa na kosa limeanzia wapi. Hilo lilitaka wasaidizi wengi, kumbi zenye mwanga mzuri, meza pana na makabati ya vielelezo. Théodore Olivier, mwanafunzi mwingine wa École polytechnique, alibuni vielelezo vya nyuzi na shaba ambavyo vyuo vya Marekani pia vilivinunua. Nyuzi zilizonyooka zinatandazwa kati ya bangili mbili na kufanya umbo la silinda. Ukizungusha bangili ya juu, silinda inabonyea katikati na kupata kiuno, na mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba uso uliopinda unaweza kufanywa kwa mistari iliyonyooka mitupu. Mali kama hiyo ina mwenyewe, ina ufunguo na ina fungu katika bajeti, na kwa uzoefu wa vyuo, penye vitu hivyo vitatu idara haichelewi kuzaliwa. Kiwanda nacho kilitaka watu wa kuchora: katika chuo kikuu cha Ohio State nchini Marekani, Thomas French, profesa wa michoro ya kihandisi, alitoa mwaka 1911 kitabu cha kiada kilichochapishwa upya kwa vizazi kadhaa.

Kuhusu kompyuta, naona inasingiziwa, angalau kwa sehemu. Saa za somo hili zilianza kugombewa mapema sana: palepale École polytechnique, tangu mwanzoni mwa karne ya 19, hesabu za uchambuzi zilikuwa zikiinyang'anya jiometri ya Monge nafasi yake katika ratiba. Nchini Marekani pigo zito lilikuja mwaka 1955, pale kamati ya chama cha elimu ya uhandisi iliyoongozwa na Linton Grinter ilipopendekeza mitaala iegemee zaidi sayansi za msingi za uhandisi. Saa mpya za thamodinamiki na mekanika zilihitaji mahali pa kukaa, nazo zilikatwa kwenye masomo ya mkono, uchoraji ukiwa miongoni mwayo. Mwaka huo hapakuwa na kompyuta ya kuchorea. Programu ya kuchorea ya Sketchpad ya Ivan Sutherland ilionekana MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, mwaka 1963, na programu ya AutoCAD ilianza kuuzwa mwaka 1982, wakati uamuzi mkubwa ulikwisha kupita.

Tena baadhi ya walioijenga michoro ya kompyuta walitoka katika fani hii hii. Steven Coons, aliyefundisha uchoraji wa kihandisi MIT na kushiriki kuandika kitabu cha kiada cha somo hilo, ndiye aliyebuni njia ya kuunganisha vipande vya nyuso zilizopinda ambayo bado ina jina lake. Kompyuta imeondoa kazi ya wino, ya kufuta na ya kunakili, na hiyo kweli ndiyo iliyokuwa ikijaza kumbi. Lakini modeli ya kwenye skrini haimwambii mwanafunzi akate wapi ili tundu la ndani lionekane, wala sura ipi inatosha na ipi ni ya ziada, na ndiyo maana idara zilizosalia, hasa Urusi na nchi jirani zake, zimeongeza michoro ya kompyuta katika majina yao bila kuiondoa jiometri. Kwa maoni yangu muhula mmoja ni mdogo. Kama ungeniuliza nipunguze nini, ningepunguza saa za kujifunza vitufe vya programu, ambavyo hubadilika kila toleo jipya linapotoka, nikaziacha zile za jiometri.

SWALI: Mhariri, katika kitabu kimoja sura ya juu imechorwa chini ya sura ya mbele, na katika kingine imechorwa juu yake. Kipi kimekosea?

JIBU: Hakuna kilichokosea. Katika utaratibu wa pembe ya kwanza, ambao ndio wa Monge na ndio uliozoeleka Ulaya bara, kitu kinasimama kati ya jicho na bapa la kuchorea, hivyo sura ya juu huangukia kwenye bapa lililo chini ya kitu, na bapa hilo likikunjuliwa sura inakaa chini. Katika pembe ya tatu, ambayo viwanda vya Marekani viliielekea kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, bapa liko kati ya jicho na kitu kama kioo cha dirisha, na sura ya juu inabaki juu. Viwango vya kimataifa vinakubali zote mbili, mradi mchoro useme umetumia ipi. Tazama kisanduku cha maelezo kilichoko kwenye kona ya karatasi: humo huwekwa alama ya pia (koni) iliyokatwa ncha, ikiwa na duara mbili kando yake. Upande mwembamba wa pia ukielekea kwenye duara, hiyo ni pembe ya tatu. Upande mpana ukielekea huko, ni ya kwanza. Alama isipokuwepo, mwulize aliyechora kabla hujakata chuma, maana kipande kisicho na ulinganifu kinaweza kutoka kimegeuzwa kushoto kuwa kulia.