Ukiacha Sigara Usitafute Askari, Tafuta wa Kupiga Naye Soga

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Nafupisha maneno yake: "Kaka, leo siku ya nne sijagusa sigara. Nyumbani nanuswa kila nikiingia mlangoni. Mke wangu anapekua mifuko ya suruali. Kazini wananicheka, wanasema nimeokoka. Nahisi nitampiga mtu. Wewe uliwezaje?"

Nilimjibu mistari michache siku hiyohiyo, kisha nikaona hapana, hili linataka nafasi yake. Swali hilo nimeulizwa sana, na kila mara naona muulizaji anasubiri nimtajie dawa, au dua, au mzizi fulani wa kuchemsha. Jibu langu huwa linawaangusha. Niliweza kwa sababu ya watu wachache, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuniambia niache.

Lakini kwanza hiyo siku ya nne. Ndugu yangu, huna kichaa. Nikotini haikai sana mwilini. Kila baada ya saa mbili hivi, kiasi kilichomo kwenye damu hupungua kwa nusu. Ubongo uliozoea kuletewa sekunde chache tu baada ya kila pafu unajikuta hauletewi kitu, unaanza kudai. Hasira, usingizi wa mang'amung'amu, njaa isiyo na mwisho, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja: hayo yote hupamba moto siku za mwanzo, na wiki ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Baada ya hapo yanapoa taratibu, kwa wengi ndani ya wiki mbili hadi nne. Mweleze mkeo hivyo, tena mweleze kabla hujamfokea. Mimi wangu nilimwandikia kwenye karatasi nikaibandika jikoni: "Wiki hizi nikifoka ni arosto. Nisamehe, usinijibu." Jioni nikakuta ameongeza chini kwa kalamu nyekundu: "Na nikikujibu nisamehe mimi."

Nilianza kuvuta nikiwa kijana, kwa sababu zilezile za kila mtu, sitakuchosha nazo. Nilipoamua kuacha, nilitangaza. Ukoo mzima ulikuwa umekutana kwa sherehe, nikasimama, nikasema kuanzia kesho sigara basi. Watu wakapiga makofi. Kaka yangu mkubwa akaangua kicheko, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Huyu? Mpeni mwezi." Sitadanganya, neno lile bado limenikaa kifuani.

Kuanzia kesho yake nikawa na jeshi. Shangazi ananitumia picha za mapafu meusi kila asubuhi kabla sijapiga mswaki. Shemeji ananisomea magonjwa moja baada ya jingine. Binamu yangu, kila jioni, bila kukosa: "Umevuta leo?" Wote walinitakia mema, nalijua hilo. Lakini habari walizonipa nilikuwa nazo. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawakuvuta, walivutishwa tu moshi wa wenzao. Mvutaji gani hajui kwamba sigara inaua? Imeandikwa kwenye pakiti anayoishika kutwa nzima. Mimi ile picha ya pafu ilinitia hofu, na hofu kwangu ilikuwa na dawa moja tu, nayo ndiyo niliyokuwa nimeiacha.

Na hilo swali la "umevuta leo?" naomba lipigwe marufuku majumbani. Ukijibu hapana, umeshakumbushwa. Ukijibu ndiyo, kinaitishwa kikao. Ukijibu hapana wakati ukweli ni ndiyo, umeanza kujificha, na mtu akishazoea kujificha anavuta zaidi, maana kule anakojificha hakuna wa kumzuia.

Wa kwanza kunisaidia kwa kweli alikuwa dada mmoja tunayefanya naye kazi. Hajavuta maishani mwake, wala hatukuwa marafiki. Mtihani wangu mkubwa ulikuwa saa nne asubuhi, wavutaji wa ofisi wanapotoka kwenda nyuma ya jengo. Hili watu hawalisemi: unapoacha, unaipoteza sigara na unayapoteza yale mapumziko pia, pamoja na umbea wa kule nyuma, na habari za bosi kabla hazijafika kwenye kikao. Nilikuwa nabaki mezani natafuna kalamu. Siku moja akapita, akanitazama, akasema, "Inuka tukazunguke jengo." Tukazunguka. Akanisimulia ugomvi wa majirani zake, mume na mke na mama mkwe asiyeondoka. Kesho yake akaja tena, na hadithi ikaendelea.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini ilifanya kazi. Hamu ya sigara ikikupanda hudumu dakika chache, tatu hadi tano, ikizidi sana kumi. Kisha inashuka, umevuta au hujavuta. Kwa hiyo unachohitaji ni mtu wa kuzivuka naye dakika hizo, na mizunguko miwili ya jengo letu ilitosha kabisa. Hakuniuliza hata mara moja naendeleaje na sigara. Wale majirani zake nawajua mpaka leo tabia zao zote, na sijawahi kuwatia machoni.

Wa pili ni mdogo wangu wa kike. Yeye anaishi mbali, na mimi saa yangu ngumu nyingine ilikuwa baada ya chakula cha usiku. Tulikubaliana jambo dogo: nikizidiwa, namtumia nukta. Siandiki neno lolote, ni nukta tu. Yeye anajibu chochote kilichopo karibu yake. Picha ya paka kalala ndani ya beseni. Malalamiko kuhusu mumewe (samahani shemeji, najua unasoma). Hesabu ya mwanawe iliyomshinda, anataka nimsaidie. Haulizi ile nukta ni ya nini. Kuomba msaada kwa sentensi kamili kunataka nguvu, na wiki zile nguvu hiyo huna. Nukta inataka kidole tu.

Halafu kulikuwa na mfamasia. Huyu namtaja kwa sababu watu wengi humwona kama muuza dawa, basi. Nilikuwa nimenunua chingamu ya nikotini, ile ya kupunguza hamu ya sigara, nikaitafuna kama pipi, nikapata kwikwi na kichefuchefu, nikarudi dukani kulalamika. Mama wa watu akacheka, akanivuta pembeni. Kumbe unaitafuna polepole mpaka usikie ukali mdomoni, kisha unaiacha itulie kati ya shavu na ufizi. Ukali ukiisha unatafuna tena kidogo, unaituliza tena, hivyo kwa nusu saa hivi. Akaniuliza pia nakunywa kahawa kiasi gani. Nilipomwambia, akatikisa kichwa. Moshi wa sigara hulifanya ini liondoe kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, kahawa ileile hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Moyo uliokuwa ukinienda mbio usiku, na ile mikono ya kutetemeka, nilivisingizia arosto peke yake. Nilipunguza kahawa kwa nusu, nikalala. Kila nilipopita mbele ya duka lake baada ya hapo alininyanyulia kidole gumba kutoka kaunta. Amini usiamini, kuna jioni nilipita njia ile makusudi ili nikipate hicho kidole.

Na kama kuna mtu anakuambia chingamu na vibandiko vya nikotini ni udhaifu, mwanamume wa kweli anaacha kwa nia, mwache aseme. Dawa hizo ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Shirika hilohilo linasema wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, wanaofanikiwa ni kama 4 katika kila 100, na kwamba ushauri wa wataalamu pamoja na dawa unaweza kuongeza nafasi ya kufanikiwa zaidi ya maradufu. Wapo walioacha kwa nia tupu, nawavulia kofia. Usijipime kwao. (Kama una mimba au ugonjwa wa moyo, zungumza na daktari kwanza kabla hujanunua chochote.)

Miezi iliyofuata sina cha kukusimulia. Ilikuwa mizunguko ya jengo na nukta, nukta zikazidi kuchelewana. Leo napanda ngazi mpaka ghorofa ya tano huku naongea na simu. Kaka yangu hupumzika ya pili, naye hajawahi kuvuta.

Kuna utafiti mmoja naupenda sana, na nitauleta hapa kwa sababu unanitetea. Nicholas Christakis na James Fowler waliuchapisha mwaka 2008 katika jarida la New England Journal of Medicine. Walichukua kumbukumbu za watu 12,067 waliofuatiliwa kuanzia 1971 hadi 2003, katika ule mradi mkubwa wa moyo wa Framingham, Marekani, wakaangalia nani anafahamiana na nani na nani aliacha lini. Mume au mke akiacha, uwezekano wa mwenzake kuwa mvutaji ulishuka kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, asilimia 36. Mfanyakazi mwenza kwenye ofisi ndogo, asilimia 34. Ndugu wa damu, asilimia 25. Jirani wa nyumba ya pili hakuonekana kuleta tofauti. Waliona pia kwamba watu huacha kwa makundi, kundi zima la wanaojuana hutoka kwenye sigara karibu wakati mmoja. Nilipofika kwenye namba ya ndugu, chini ya rafiki na chini ya mtu wa ofisini, nilimkumbuka mtu fulani nikacheka peke yangu.

Kwa hiyo nikikuambia tafuta watu, sikuambii neno la faraja. Tafuta watu. Usitafute wengi, wawili wanatosha, watatu ni anasa. Wawe wanafikika saa zako ngumu, na saa zako unazijua mwenyewe: wengine ni asubuhi na kahawa, wengine ni kwenye foleni ya magari, wengine ni wakigombana na mtu. Si lazima wawe wanakupenda sana. Wanaokupenda sana mara nyingi ndio wanaonusa. Tafuta mtu mwepesi, anayejua kuongea mambo ya kipuuzi, na umwambie waziwazi unachotaka: "Nikikupigia, usiniulize sigara. Niongeleshe tu dakika tano." Watu hawajui kusaidia mpaka waambiwe. Ukinyamaza watakupa wanachokijua, na wanachokijua ni mahubiri.

Ukiteleza ukavuta moja, mwambie yuleyule wa nukta usiku huohuo, kabla moja haijawa pakiti. Huyo hatakuitia kikao. Wanaoacha kabisa, wengi wao walijaribu zaidi ya mara moja, kwa hiyo hujavunja rekodi yoyote.

Kama huna mtu kabisa, na najua wapo wa namna hiyo kati yenu, tafuta mwingine anayeacha. Uliza kituo cha afya kilicho karibu nawe. Nchi kadhaa zina namba maalumu za simu za wanaotaka kuacha, na anayepokea upande wa pili kazi yake ni hiyo hiyo ya kukuvusha dakika zile. Mgeni anayekusikiliza anakufaa kuliko ndugu anayekupekua.

Nimebakiwa na kundi moja, nalo nitalisema bila kupaka mafuta. Nilikuwa na rafiki wa miaka mingi, tumevuta pamoja tangu ujana. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuninunulia hata sigara moja. Mimi ndiye niliyekuwa nanunua, yeye ndiye aliyekuwa na kiberiti. Wiki niliyoacha akanijia na pakiti nzima, haijafunguliwa, akaiweka mezani mbele yangu. "Zawadi," akasema. Alipoona siigusi akanipulizia moshi usoni, wenzake wakacheka. Mpaka leo sijui kilimuuma nini. Nadhani aliona ninamwacha peke yake, na pengine ndivyo ilivyokuwa. Lakini hakuniita tena, na mimi sikumtafuta.

Ninyi mnaovuta, nawaomba. Siwaambii muache, nimeshasema mahubiri hayafai kitu. Mwenzenu akiacha msimfute kwenye mialiko kana kwamba amehama mji. Mwiteni kwenye mpira, mwiteni kwenye kahawa, msimulieni habari za bosi kama zamani. Sigara msimpe, hata akiomba, hata akikasirika, kesho atawashukuru. Na kama huwezi kukaa naye saa nzima bila sigara, vuta yako kabla hujafika.