Mwanangu, kuhusu hilo la kurudi ulingoni

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako ulinifikia juzi usiku, usingizi ukaruka. Unaniuliza: "Baba, promota ananitaka pambano la raundi nane, hela ni nzuri, na duka ndiyo hivyo limekufa. Nirudi?" Miaka 34 unayo, na glavu ulizitundika mwenyewe baada ya kumwona mama yako analia. Ndiyo au hapana haitatoka kwangu leo.

Unamkumbuka yule Mzungu wa kwenye picha pale ukutani, ukumbi wa mazoezi, nywele amezilaza kwa mafuta? Ulikuwa unamcheka ukisema anaonekana karani wa benki. Ni Benny Leonard. Jina la nyumbani ni Benjamin Leiner, mtoto wa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Urusi. Alizaliwa 1896, akakulia Lower East Side, New York, mtaa ambao ukivuka njia unakutana na watoto wa Kiayalandi au wa Kiitaliano wanakusubiri. Usipojua kukunja ngumi utashinda ndani.

Mwaka 1911, ana miaka 15, akaanza kupigana kwa malipo, na pambano la kwanza akapigwa. Jina la Leonard alilichukua ili wazee wake wasimwone gazetini. Wanasimulia kwamba siku siri ilipofichuka mama yake aliangua kilio kama kuna msiba. Baba naye akauliza kijana kalipwa kiasi gani. Alipotajiwa, akataka kujua pambano lijalo ni lini. Mimi nawe tunajua kuna baba mwingine aliyewahi kuuliza hivyo hivyo, mama akiwa jikoni.

Tarehe 28 Mei 1917 alimmaliza Freddie Welsh raundi ya 9, akawa bingwa wa dunia wa uzito mwepesi akiwa na miaka 21. Mkanda ule alikaa nao zaidi ya miaka saba. Sifa yake mtaani ilikuwa kwamba anashuka ulingoni nywele bado zimelala. Usidhani hakuguswa. Mwaka 1922 pale Jersey City alikutana na Lew Tendler wa Philadelphia, Myahudi mwenzake, anayetumia mkono wa kushoto. Raundi ya 8 kushoto kule kukampata, magoti yakalegea. Ungekuwa wewe ungekumbatia. Leonard alifungua mdomo, akaanza kumsemesha Tendler katikati ya pambano! Tendler akazubaa na maneno yale, na hizo sekunde chache zikatosha miguu kurudi. Akamaliza raundi zote 12. Sheria ya New Jersey siku hizo haikuruhusu mshindi kutangazwa kwa pointi, kwa hiyo mkanda ukarudi naye nyumbani. Mwaka uliofuata walirudiana Yankee Stadium, raundi 15, na safari hii alimshinda waziwazi. Huyo ndiye niliyekuwa nakusomesha kila jioni, ingawa jina lake sikulitaja.

Alikuwa na la kwake la ajabu pia. Mwezi mmoja tu kabla ya Tendler alimfuata Jack Britton, bingwa wa uzito uliozidi wake kidogo. Raundi ya 13 Britton ameshapiga goti chini, Leonard akamfuata akampiga pale pale chini, akaondolewa kwa kosa hilo na pambano akalipoteza. Mtu mwenye kichwa kama kile! Mpaka leo wapenzi wa ngumi wanabishana kwa nini alifanya vile.

Januari 1925 aliacha, bado bingwa, kwa sababu mama yake alimwomba. Hapo ndipo ninapokufikiria wewe. Alikuwa na pesa, ana jina, uso umenyooka. Mwaka 1929 soko la hisa likaanguka New York na akiba yake ikaenda nalo. Kwa hiyo mwaka 1931, ana miaka 35, amenenepa na nywele zimeanza kumtoka, akavaa glavu tena. Mwanzoni alishinda mfululizo, maana walimletea watu wa kumpisha. Unajua mapromota wanavyojenga. Kisha Oktoba 1932, Madison Square Garden, wakamletea Jimmy McLarnin wa miaka 24. Raundi ya 6 mwamuzi akasimamisha.

Nimekaa kona miaka mingi, najua kilichomtokea. Jicho linaliona konde likija, kichwa kinajua la kufanya, ila bega linachelewa kuitika. Hakuna zoezi la hilo.

Baada ya hapo hakupigana tena, lakini ulingo hakuuacha. Alikuwa mwamuzi, na tarehe 18 Aprili 1947, akiwa kazini pale St. Nicholas Arena, New York, alianguka katikati ya pambano akafa mbele ya watu. Alikuwa na miaka 51.

Mama yako sijamwambia kitu. Glavu zako ziko kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda changu. Huyo promota usimsainie chochote wiki hii. Njoo Jumapili na daftari la madeni ya duka tulipitie, halafu nikushikie pedi raundi tatu uani, mama akiwa kanisani. Nataka kuitazama miguu yako.

Baba yako.