Nimemfunza kazi mimi, mshahara ananipita yeye

*Shikamoo shangazi. Niko mapokezi katika hoteli moja hapa Malindi, huu mwaka wa nne. Mwaka jana aliajiriwa kijana, nikamfunza kazi yote. Juzi kaniomba nimdhamini mkopo wa sacco, akaniachia karatasi zake. Slipu yake inasoma 41,000. Mimi napokea 31,500. Tangu hapo salamu yake naiitikia shingo upande. Nimwendee meneja au niache kazi? – Binti wa Shela, Malindi*

Marahaba mwanangu. Kwanza mwitikie vizuri kijana wa watu. Mshahara hakujipangia, na karatasi kakupa kwa kukuamini.

Sasa weka slipu mbili kando kwa kando. Wasema yake "inasoma", yako "napokea". Hapo ndipo wengi wanapopotea: wanachukua jumla ya mwenzao na kuilinganisha na kilichoingia kwao benki baada ya kodi, NSSF ya uzeeni, SHA ya matibabu na ushuru wa nyumba kukatwa. Tazama mshahara wa msingi wa kila mmoja. Kisha marupurupu ya nyumba: ikiwa wewe walala vyumba vya wafanyakazi naye amepanga mtaani, haki yake kulipwa. Angalia pia zamu za usiku, na mwezi wenyewe. Kama hoteli yenu hugawa ada ya huduma, slipu ya Januari wageni wamejaa haiwezi kufanana na ya Mei mvua ikinyesha.

Ukishapima na pengo bado lipo, basi una neno. Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka mwajiri alipe sawa kazi zenye thamani sawa. Meneja anaweza kukujibu kwamba mwenzio ana uzoefu wa kwingine, au anazungumza Kiitaliano, na hapa Malindi Kiitaliano ni mali. Msikilize. Ila kama hicho Kiitaliano pia kakipata kwako, mwambie!

Slipu ya kijana usiitaje kabisa. Zungumzia kazi yako: miaka minne, wageni unaowapokea, wapya unaowafunza. Muulize kazi ya mapokezi pale ina kiwango gani cha mshahara, na wewe uko wapi katika kiwango hicho. Kisha andika barua ya ombi, ubaki na nakala. Nenda kabla msimu haujashika, wakati wanakuhitaji. Ukingoja Mei utaambiwa pesa hakuna, na huenda ikawa kweli.

Akikupuuza, chama cha KUDHEIHA kipo kwa wafanyakazi wa hoteli, na ofisi ya leba ipo. Kulalamika si sababu halali ya kumfuta mtu. Kuacha kazi? Si kabla hujapata nyingine.

Na ule udhamini, usiukatae kwa hasira. Sheria hairuhusu makato yapite theluthi mbili ya mshahara, basi jumlisha makato aliyonayo na huo mkopo mpya. Ukiona yanakaribia hapo, mwambie hapana, na umweleze sababu ni hiyo.